Kutia nguo rangi za mimea nyumbani: anza na maganda ya vitunguu

Karibu kila anayejaribu rangi za mimea kwa mara ya kwanza hukimbilia manjano. Si ajabu: unga upo jikoni, bei haitishi, na kitambaa kikitoka sufuriani kinang'aa mpaka jirani anauliza kimenunuliwa wapi. Kikianikwa juani mara chache tu, kinapauka, na mwenye nguo anaondoka na hukumu kwamba rangi za mimea ni mchezo wa watoto.

Hukumu hiyo inaionea mimea yote kwa kosa la mmoja. Manjano ni rangi dhaifu juani, hilo ni kweli, lakini ipo mimea yenye rangi inayodumu, mradi kitambaa kisitumbukizwe rangini bila kuandaliwa. Saa nyingi za kazi hii hupita kabla rangi haijatiwa sufuriani: kufua, kulaza kwenye ukakasi wa maganda ya komamanga, kulaza kwenye shabu, yale mabonge ya kinyozi. Anayeziruka hatua hizo atapata rangi ya kupiga picha tu.

Kwa hiyo hapa tutafuata kitambaa kimoja, nusu kilo ya marekani ya pamba, na rangi moja ya kujifunzia, maganda ya vitunguu maji. Maganda hayo ni ya bure, hayana madhara, hushika vizuri kuliko manjano, na yanakubali kubadilishwa kuwa rangi nyingine. Ukishaielewa hii, mimea mingine iliyotajwa mbele haitakusumbua.

Kitambaa

Unataka pamba tupu. Marekani inafaa sana, bafta pia, na shuka nyeupe kuukuu za pamba ni bora zaidi kwa sababu zimeshafuliwa mara nyingi na kulainika. Kitani na hariri vinakubali rangi vizuri. Tetroni na vitambaa vyote vya poliesta havifai: rangi itapita juu yake na kuondoka na maji ya kwanza.

Muuzaji anaweza kukuhakikishia kwa moyo mweupe, "Hii pamba tupu, dada yangu," naye kaambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia. Omba kipande kidogo cha pembeni. Chomoa nyuzi chache za upande wa urefu na chache za upande wa upana, maana vipo vitambaa ambavyo upande mmoja ni pamba na wa pili ni kitu kingine. Ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu jepesi linalopukutika ukiligusa. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa harufu ya plastiki na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukiona jivu na vitone pamoja, huo ni mchanganyiko, na rangi utakayopata itakuwa nusu ya ile uliyotarajia.

Pima kitambaa kikiwa kikavu. Vipimo vyote vya kazi hii vinafuata uzito wa kitambaa, wala si wingi wa maji. Kama huna mizani, mwenye duka la mtaani atakupimia bila shida. Nusu kilo ya marekani ni karibu mita tatu, kutegemea unene na upana wake.

Vitu vya kutafuta

Kwa nusu kilo hiyo ya kitambaa:

- magadi, vijiko viwili vya chakula, na sabuni ya mche kiasi
- maganda makavu ya komamanga, gramu 100 hadi 150
- shabu, gramu 75
- maganda makavu ya vitunguu, gramu 250 kwa rangi ya wastani au nusu kilo kama unataka ikolee
- sufuria kubwa ya lita 15 au 20, beseni mbili, mwiko wa mti, chujio na glavu

Shabu ni yale mabonge meupe yanayoonyesha ndani, ambayo kinyozi humpaka mtu kidevuni baada ya kumnyoa na ambayo watu hutumia kutuliza maji ya tope. Inapatikana kwa wauza viungo na dawa za asili. Itwange mpaka iwe unga ndipo upime. Kwa wauza dawa hao hao utapata maganda ya komamanga, maana watu huyanunua kwa ajili ya tumbo. Ukiyakosa, tumia gramu 100 za chai ya majani ya bei nafuu, lakini ujue itatia kitambaa wekundu wa udongo kidogo kabla hata hujafika kwenye rangi yenyewe.

Maganda ya vitunguu usiyanunue. Mwombe muuza vitunguu sokoni akuruhusu kukusanya yaliyobaki chini ya gunia. Wengi watafurahi kusafishiwa meza. Mama lishe na wakaanga chipsi nao huyatupa kila siku. Chukua yale makavu ya nje tu. Maganda ya ndani yenye unyevu huoza, na nyumba nzima itajua. Jambo la kuzingatia ni kwamba maganda ni mepesi mno: gramu 250 hujaza ndoo, kwa hiyo anza kuyaweka akiba mapema kwenye mfuko wa wavu au kiroba kinachopitisha hewa.

Sufuria inastahili neno lake. Iliyo bora ni ya stili isiyoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Sufuria zetu za kawaida za aluminiamu zinafaa kwa rangi na kwa shabu, ila magadi yanazila: zinageuka nyeusi na uso wake unachimbika. Kama huna nyingine, fulia kwa sabuni pekee na uache magadi. Chungu au karai la chuma litakupa rangi iliyofifia na kuelekea weusi, upende usipende. Na sufuria yoyote utakayochagua isirudi tena kwenye mapishi. Maganda ya vitunguu hayana sumu, lakini utafika siku utakapotia humo maji ya kutu yatakayoelezwa mbele, na ni heri uwe na sufuria moja ya rangi inayojulikana na kila mtu nyumbani.

Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote. Maji ya bomba yanatosha. Maji ya kisima yana mambo yake, hasa yenye chuma, ambayo hufubaza kila rangi ya njano. Kipimo rahisi: tia maji hayo kwenye glasi yenye chai ya rangi iliyopoa. Ikigeuka nyeusi au ya kijivu, kuna chuma, tafuta maji mengine.

Kwanza: kufua mpaka kitambaa kinywe maji

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, nta ya pamba yenyewe na mafuta ya mashine. Hata kikionekana cheupe pee, rangi haitaingia sawasawa mpaka hivyo vyote vitoke.

Yayeyushe magadi kwenye jagi la maji ya moto, uyaache yatulie, kisha mimina maji ya juu na kuacha mchanga chini, kama wanavyofanya wapishi wa makande. Tia maji hayo kwenye sufuria yenye maji mengi, kwangulia humo kipande cha sabuni ya mche, tumbukiza kitambaa kilicholowanishwa, uchemshe kwa saa moja ukigeuza mara kwa mara. Kwa marekani mpya utaona maji yanageuka rangi ya chai. Watu hushangaa kwamba uchafu wote huo ulikuwa kwenye kitambaa cha dukani. Yakiwa meusi sana, mwaga na urudie.

Suuza mpaka utelezi wote uishe. Kisha fanya jaribio hili: kausha pembe moja ya kitambaa, idondoshee tone la maji. Likizama papo hapo, umemaliza. Likikaa juu kama shanga, bado kuna nta, chemsha tena.

Pili: ukakasi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, hasa waliojifunza kwa kuangalia video za watu wanaotia rangi sufu. Sufu na hariri hushika shabu zenyewe. Pamba haishiki vizuri. Inahitaji kwanza tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ganda la komamanga, ndizi mbichi au bibo ambalo halijaiva. Tanini hung'ang'ania pamba, shabu ikang'ang'ania tanini, na rangi ikaja kushikwa na shabu. Ukiondoa mmoja kati ya hao, wengine hawana pa kukaa.

Vunjavunja maganda ya komamanga, yaloweke usiku kucha, asubuhi yachemshe kwa dakika 45 na uyachuje. Ongeza maji ya kutosha kitambaa kuogelea. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa, kipashe moto wa taratibu kwa saa moja bila kuacha maji yatokote, zima, ukiache humo hadi maji yapoe kabisa. Kikilala usiku mzima ni vizuri zaidi. Kitatoka na umanjano hafifu. Kikamue, usikisuuze.

Tatu: shabu

Yeyusha gramu zako 75 kwenye maji ya moto, ukoroge mpaka punje zote ziishe, maana punje inayogusa kitambaa huacha doa ambalo rangi italionyesha baadaye. Mimina kwenye sufuria yenye maji ya vuguvugu, tia kitambaa, kikunjue chote kisiwe na mikunjo iliyojibana. Pasha moto polepole kwa saa moja, maji yatoe mvuke tu. Kisha kiache kilale humo usiku.

Usijaribu kuongeza shabu kwa kudhani rangi itakolea zaidi. Gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa zinatosha. Inayozidi haina pa kushika na itaishia kwenye maji ya kusuuza. Asubuhi kisuuze mara moja tu kwa maji baridi. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye rangi, au ukakianika kivulini na kukihifadhi. Wanaofanya kazi hii mara kwa mara huandaa vitambaa vingi kwa pamoja, vikakaa vikisubiri.

Vaa glavu kama una mikwaruzo, na usivute mvuke wake kwa karibu. Dirisha liwe wazi, au bora zaidi fanyia uani.

Nne: rangi yenyewe

Loweka maganda ya vitunguu usiku ule ule kitambaa kinapolala kwenye shabu. Asubuhi yachemshe kwa saa moja. Maji yatakuwa mekundu yenye weusi, na yatakufanya utegemee nguo nyekundu. Vuta subira. Yachuje kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu, kwa sababu vipande vidogo vya ganda hujibandika kwenye nguo na kuacha madoa.

Acha maji yapoe yawe vuguvugu kabla ya kutia kitambaa. Kitambaa baridi kwenye maji ya moto hushika rangi mabaka mabaka, upande uliotangulia ukakolea na mwingine ukabaki nyuma. Kitie kikiwa kimelowa sawasawa, washa moto mdogo, upandishe joto kwa nusu saa. Yakianza kutoa mvuke, punguza moto na uyashikilie hapo kwa saa moja. Geuza, kunjua, zamisha sehemu inayoelea. Dakika 20 za mwanzo ndizo za kukaa karibu, baada ya hapo unaweza kuendelea na shughuli nyingine ukirudi kuchungulia. Kwenye jiko la mkaa, makaa yakishaanza kufa ndiyo moto hasa wa kazi hii.

Zima na ukiache humo mpaka kesho yake. Rangi nyingi huingia wakati maji yanapoa, jambo ambalo wenye haraka hawalipati.

Sasa kuhusu ule wekundu. Ganda la kitunguu chekundu, kama hivi vyetu vya Mang'ola au Singida, lina rangi mbili. Ile nyekundu unayoiona kwa macho ni dhaifu: haikai kwenye pamba, na shabu huigeuza. Ile ya njano, iliyojificha chini yake, ndiyo inayoshikana na shabu na kubaki. Kwa hiyo vitunguu vyekundu hutoa kijani cha zeituni, au kahawia yenye dhahabu ndani yake, na mtu aliyetegemea nyekundu hudhani ameharibu. Hajaharibu kitu. Anayetaka dhahabu inayokaribia chungwa atafute vitunguu vyenye ganda la hudhurungi, vile ambavyo huonekana zaidi kwenye maduka makubwa. Binafsi naupenda ule uzeituni wa vitunguu vya sokoni. Unakaa vizuri kwenye nguo ya kuvaa kila siku na hauonyeshi vumbi.

Kumbuka pia kwamba kitambaa kilicholowa huonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Usikitoe kwa kuangalia rangi yake ya majini.

Tano: kuanika, kungoja, kufua

Kikamue bila kukisokota sana na ukianike kivulini, kimenyooka. Kikikauka, usikifue siku hiyo. Kikae wiki moja kabatini. Baada ya hapo kisuuze kwa maji baridi na sabuni laini, kama shampuu ya kawaida, mpaka maji yawe safi. Mara ya kwanza kitachuja kidogo. Hiyo ni rangi iliyokaa juu bila kushikwa. Kikiendelea kuchuja sana mara ya tatu na ya nne, rudi ukatafute kosa kwenye kufua au kwenye shabu.

Sabuni kali za unga na za mche zina magadi, nazo hubadili rangi nyingi za mimea. Dawa za kung'arisha nguo nyeupe zitaifuta kabisa.

Rangi tatu kutoka sufuria moja

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Kata kitambaa chako kilichotiwa rangi vipande vitatu na ujaribu yafuatayo.

Chuma. Tia misumari yenye kutu kwenye chupa ya kioo, mimina siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, uiache wiki moja au mbili mpaka maji yawe ya rangi ya kutu. Kifuniko kisikazwe, kwa sababu siki na chuma hutoa gesi. Andika juu ya chupa ni nini, na usitumie kabisa chupa ya soda au ya maji ya kunywa mahali penye watoto. Ukiwa tayari, tia vijiko viwili vitatu vya maji hayo kwenye beseni la maji ya vuguvugu, tumbukiza kitambaa na usibandue macho. Mabadiliko huanza ndani ya nusu dakika: uzeituni unazama, unakuwa kijani kilichoiva, halafu kijivu chenye ukijani. Toa mara unapoona unayoitaka, au hata kidogo kabla yake, kisha suuza sana. Dakika tano ni nyingi. Chuma kikizidi hukausha nyuzi na kuzidhoofisha, na nguo itakuja kuchanika pale pale rangi ilipokolea zaidi. Mwiko na beseni vilivyogusa chuma vitengwe, la sivyo kitambaa kijacho kitapata vitone vyeusi usivyojua vilikotoka.

Magadi. Kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya maji, chovya na utoe. Rangi ya vitunguu huchangamka na kusogea kuelekea chungwa. Suuza upesi.

Ndimu au siki. Hupunguza na kuangaza. Kwenye vitunguu mabadiliko ni madogo, wala haina haja kuharibu ndimu nyingi.

Kufunga kitambaa mafundo kwa uzi nako hukupa michoro bila gharama. Wanaojua batiki ya kufunga watumie ujuzi ule ule: kunja, kaza kwa uzi wa pamba, funga kokoto ndani ya kitambaa. Tofauti ni kwamba maji ya rangi hii hupashwa moto kwa muda mrefu, hivyo fundo lililolegea litapenyezwa. Kaza zaidi ya ulivyozoea.

Mimea mingine ya kwetu

Maganda ya komamanga, uliyoyatumia kwa ukakasi, ni rangi kamili yakitiwa sawa na uzito wa kitambaa: njano iliyotulia, inayovumilia jua. Yakiguswa na chuma yanatoa kijivu kizito. Kama ningelazimika kubaki na mmea mmoja tu, ungekuwa huu.

Gome la mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, hutoa wekundu wa udongo, ni imara sana, na lina tanini tele hata halihitaji hatua ya ukakasi. Lilikuwa likitumika pwani kwa ngozi na kwa rangi tangu zamani. Lakini mikoko imehifadhiwa kisheria Tanzania na Kenya, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Usibandue mti uliosimama. Wanapouza boriti halali mara nyingi hubaki maganda chini, omba hayo. Loweka siku kadhaa kabla ya kuchemsha.

Kokwa za parachichi, zile anazotupa muuza juisi, hutoa waridi laini ambao hakuna anayeutarajia. Zioshe nyama yote itoke, zikate zikiwa mbichi, zipashe moto mdogo sana kwa saa kadhaa na magadi kidogo kabisa. Maji yakichemka kwa nguvu, waridi hugeuka kahawia.

Mzingefuri, ambao huko Kwale, pwani ya Kenya, hulimwa kwa ajili ya mbegu zake na kule wakulima huuita biksa, hutoa chungwa kali. Rangi iko kwenye utando mwekundu juu ya mbegu na haipendi maji matupu. Tia magadi ndipo itoke, kisha malizia kitambaa kwa maji yenye siki. Haivumilii jua sana. Itumie kwa vitu vya ndani.

Na manjano, tuyape haki yake. Hayahitaji shabu wala ukakasi, yanashika ndani ya nusu saa, na kwa kitambaa cha sherehe ya siku moja hayana mpinzani. Ila kila aliyewahi kudondosha mchuzi wa bizari kwenye kanzu nyeupe anajua yanavyofanya: ukipaka sabuni, doa linageuka jekundu, ukisuuza linarudi njano, ukilianika juani linatoweka. Nguo yako ya manjano itafanya vivyo hivyo, yote kwa pamoja.

Bitiruti, rozela na zambarau ziache mezani. Maji yake ni mazuri mno kuyatazama, kitambaa kinatoka na zambarau au waridi ya kuvutia, na baada ya kufuliwa mara chache kinabaki na kijivu kisicho na jina. Anayekuuzia nguo "ya bitiruti" hajakaa nayo muda mrefu.

Nili, iliyotoa bluu ya kaniki, haifuati utaratibu huu hata kidogo. Haiyeyuki kwenye maji ya kawaida, haihitaji shabu, na chombo chake huandaliwa kwa kuondolewa hewa. Ni somo la peke yake.

Mmea usioujua usiuchemshe kwa sababu tu ua lake linavutia. Mnyaa, kwa mfano, una utomvu unaoweza kumdhuru mtu macho vibaya.

Kabla hujaiita rangi imara

Kata ukanda wa kitambaa, ufunike nusu yake kwa karatasi ngumu, uubandike dirishani panapopiga jua wiki mbili. Funua na ulinganishe. Kama mstari unaonekana waziwazi, nguo hiyo haifai kuwa pazia wala ya kuanikwa nje, na kama unauza, mweleze mnunuzi kabla hajalipa. Bandika vipande hivyo kwenye daftari, uandike kando yake mmea, uzito, maji yalitoka wapi na kama ulitia chuma. Maganda ya gunia la mwezi huu hayatatoa rangi ile ile na ya mwezi ujao, na bila daftari hutajua kama aliyebadilika ni kitunguu au ni wewe.

Maji ya vitunguu yaliyobaki usiyamwage bado. Kitambaa cha pili, kilichoandaliwa vile vile, kitapata rangi hafifu zaidi ambayo mara nyingi hupendeza kuliko ya kwanza, na cha tatu kitapata kivuli chake. Yakikaa siku mbili tatu yataanza kunuka. Hapo yaongeze maji uyamwage mbali na kisima. Maji ya shabu yanaweza kurudiwa ukiongeza nusu ya kipimo cha kwanza. Chupa ya misumari haiishi upesi: ongeza siki kidogo kila inapopungua, na ubadili misumari itakapokuwa imeliwa.